Miaka Minne ya Mama Mshonaji

Nilikuwa nimefikia swali la sita la utafiti.

"Mama, ungechagua kuishi miaka kumi na maumivu haya ya nyonga, au michache ukiwa mzima? Katika hiyo kumi, ungetoa mingapi ili upone?"

Mshonaji alicheka. "Siku hizi miaka inauzwa kwa fungu, kama nyanya? Haya, chukua minne, mwanangu. Nataka kurudi kwenye cherehani."

Nikaandika nne. Kwa majibu kama hayo tunapima kama nyonga ya bandia inastahili gharama yake.

Akafunga mkoba wake. "Basi mtanipasua lini?"

Kumbe alidhani tumepatana. Ilinipasa kumwambia kwamba lilikuwa swali tu, lakini alikuwa anatabasamu. Nikasema, "Tutakuita."

Fomu yake bado iko mezani, sijaiingiza kwenye kompyuta. Kesho nitaanzia nyumbani kwake.