Kadi za Msiba Zilizobaki Kwenye Gari

Asubuhi ya mwaka mpya tarishi alimkabidhi Shizue furushi la kadi za posta, akainama, akaenda zake. Shizue akasoma ya juu. "Heri ya mwaka mpya, Bwana Tokuji!" Ya pili vilevile. Ya tatu ilichorwa farasi anayecheka, mnyama wa mwaka huo.

Tokuji, mumewe, alikuwa amekufa tangu Oktoba. Nyumba yenye msiba haipelekewi heri, ndiyo maana wafiwa hutuma kadi za msiba kabla Desemba haijakolea, ili watu wasiandike. Kazi hiyo aliichukua Haruhiko, mwanawe wa pekee, jitu zima la miaka arobaini na tatu. Aliiomba mwenyewe, baba yake alipozikwa tu.

Sasa yuko mezani anakula supu ya mochi, yale madonge ya mchele ya mwaka mpya.

"We Haruhiko! Zile kadi za msiba ulizipeleka posta?"

"Mama, mambo yaliniingilia mengi. Zimo kwenye gari."

"Kwenye gari!"

"Si niliweka tangazo kwenye simu? Walioona wameona."

"Rafiki za baba yako wana miaka themanini! Nani kakwambia wanashinda kwenye simu? Huna haya wewe!"

Hasira ilimpanda Shizue. Akazimwaga kadi zote mezani, nyingine zikaangukia kwenye supu.

"Soma. Kwa sauti. Zote."

Haruhiko akasoma. Kufika ya tisa, akaipindua kifudifudi mezani. Shizue akamnyang'anya.

Ilitoka kwa Eikichi, mdogo wake Tokuji. Ndugu hao walinuniana miaka kumi na tisa kwa ajili ya shamba la baba yao, na namba yake ya simu hakuna aliyekuwa nayo, ila anwani tu. "Kaka, nimechoka kununa. Theluji ikiyeyuka nakuja. Unisamehe."

Shizue akakaa chini. Miezi miwili mizima amemlaani mtu huyu, kwamba kapata kadi ya msiba akanyamaza. Kumbe kadi yenyewe haijatoka hata nje ya ua! Alijichukia, kisha akamchukia mwanawe zaidi.

"Washa gari."

"Twende wapi?"

"Kwa baba yako mdogo. Utapiga magoti mlangoni pake, umwambie wewe, kwa kinywa chako."

"Mama, ni mwendo wa saa tano, na theluji hii!"

"Vizuri. Una saa tano za kutafuta maneno."