Mukono Ilitoka

Saa moja asubuhi ya Jumamosi, nyuma ya banda la barafu pale Kashikishi, ufukweni mwa ziwa upande wa Zambia, wanaume saba walikuwa wamejipanga kwenye benchi ya Dédé wakingoja zamu ya kulala chali na kusukuma chuma. Chuma chenyewe kilikuwa bomba lililowahi kushikilia turubai la boti, na uzito wake ulikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Benchi ilipigwa kwa mbao za boti hiyohiyo. Katikati ya bomba palikuwa na mkono wa kulia wa mwanamume, ulioshikilia hapo tangu mwezi wa tano. Uliishia ndani ya upindo wa sweta ya kijani, na ndani ya upindo hapakuwa na kitu.

Wiki ya kwanza watu walilalamika, si kwa ajili ya mkono, ila kwa sababu ulidondosha maji kifuani mwa anayesukuma. Dédé akaufunga kitambaa, lawama zikaisha. Alikuwa Mkongo mfupi mwenye shingo nene, na somo lake lilikuwa moja tu, jinsi ya kushika chuma.

"Prise serrée inajenga mikono," alisema, akikaribianisha viganja vyake, kisha akavitanua. "Prise large inajenga kifua. Unachagula prise mbele ya kulala, hapana kisha. Na hapa katikati iko occupé, iko na mwenyewe, basi musimusumbue ule bwana."

Wote walishika kwa upana wa mabega, isipokuwa Sampa. Sampa alishika mbali kabisa, makopo yakimkwaruza vidole, mpaka mabega yakamlilia. Wengine ule mkono haukuwajali. Lakini Sampa akisogeza mikono yake ndani hata kwa upana wa kiganja, ulifunguka, ukageuza kiganja juu, ukangoja kushikwa. Tena Sampa hakukizungusha kidole gumba chake kwenye chuma. Alikilaza pamoja na vile vingine, kama wavuvi washikavyo kamba ya wavu, ili ikivutwa ghafla mtu aiachie upesi asing'olewe kidole.

"Pouce! Kidole gumba!" Dédé alimpigia kelele. "Ile prise inauaka mutu! Chuma inateleza, inakuangukia mu shingo!"

"Nilizoea ya wavu," alijibu Sampa.

Uongo mtupu. Wavu hauna kosa lolote katika habari hii. Siku moja ya mawimbi, miaka miwili nyuma, kati ya kisiwa cha Chisenga na nchi kavu, kidole gumba cha Sampa kilikuwa kimefunga barabara kwenye kifundo cha mkono wa Ilunga, mwenzake wa kazi kwa miaka minne. Ilunga alikuwa majini, boti imelala ubavu, magunia ya dagaa yanaelea. Mkono wa pili wa Sampa ulikuwa umeshika injini mpya, iliyong'oka boliti na kuanza kuteremka ziwani. Hakuweza kushika vyote viwili. Alitazama huku, akatazama huku, kisha akafungua kidole. Alikifungua mwenyewe, na Ilunga alimwona akikifungua.

Injini ilipona. Boti ilikuwa imepasuka, Sampa akamuuzia Dédé mbao na bomba.

Jioni ile Colette, mke wa Ilunga, alimkuta Sampa ufukweni akikamua shati, akamuuliza mume wake yuko wapi. Sampa, kama watu wengi wa upande wa Zambia, alikuwa na Kiswahili cha kuuzia samaki tu. Kwa Kibemba neno alikuwa nalo, nalimulekele, nilimwachia. Kiswahili chake kibovu kikampa mlango wa nyuma.

"Mukono ilitoka," alisema.

Colette, aliyetoka Manono, Kongo, na kupitia kambi ya wakimbizi ya Mantapala kabla ya kupanga chumba Kashikishi, aliyapokea maneno kama yalivyo. Kama mkono umetoka, basi mwenyewe amekwenda na maji bila mkono, na mtu wa namna hiyo anaweza kuwa hai. Akakataa matanga. Akaanza kumtafuta mwanamume mwenye mkono mmoja, kambi za wavuvi za Chisenga zote, Mantapala nyumba kwa nyumba, na sasa Puta, mbele zaidi kando ya ziwa. Ziwani alisafiri kwa boti mpya ya Sampa, yenye injini ileile, na Sampa hakumtoza nauli hata siku moja. Kanisani walimsifu kwa hilo, wakamfanya shemasi. Walipompigia makofi alitazama viatu vyake. Nyumbani alianza kula ubwali, ugali wa huko, kwa kijiko, maana mkono wake wa kulia ulimtia haya kuuona ukienda kinywani, na mkewe Esnart alinung'unika kwamba ameolewa na muzungu.

Mkono ulipotokea kwenye bomba, Colette aliitwa. Aliutazama ukucha wa kidole cha mwisho, uliopinda tangu utoto.

"Njo yake," alisema akimtambua mumewe, akaenda kununua wembe.

Tangu hapo alikuja kila Jumamosi kuukata kucha na kuupaka mafuta, na wanaume walisimamisha mazoezi mpaka amalize. Jumamosi hii alimkuta Sampa ameshalala chini ya chuma, mikono mbali, kidole wazi. Colette alivuta kigoda, akafungua kitambaa.

"Usiamuke, shemeki. Nitafanya mbiyo." Alimwita shemeki kwa sababu Ilunga alimwita ndugu.

"Karibu, mulamu," alisema Sampa, akirudisha ushemeji kwa Kibemba, macho juu.

Colette alikata kucha tano polepole, akizikusanya kwenye kitambaa. Uso wake ulikuwa juu ya uso wa Sampa, umepinduka, na Sampa aliona kwamba amekonda.

"Pasta anasema nifanye matanga Jumamosi yenye kuya," alisema Colette. "Miaka mbili, anasema, inatosha. Mi namuuliza, mutu mwenye kufa, kucha yake inakomeaka, inaota tena? Anajibu, ya kucha yeye hajue. Lakini anasema mukono ya mutu haitokake yenyewe, lazima kuko mwenye kuachilia." Alifuta wembe kwenye kanga. "Basi nilisema nitakuuliza weye, juu weye njo ulikuwa pale. Ukisema uliachilia, mi nalia, naisha. Nachoka, shemeki. Ukisema ilitoka, naenda Puta leo."

Dédé alijifanya anakaza kopo ambalo halikuwa limelegea. Wale wengine walitazama upande wa barafu. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, lakini pale Kashikishi hata waliokunywa tu walikuwa na fununu yao.

Ule mkono ulijitoa kwenye bomba, wote, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano, ukageuka, ukakaa wazi juu ya kifua cha Sampa. Ulikuwa na joto. Kucha zilikuwa fupi na safi. Sampa aliuona uso wake mwenyewe kanisani siku ya makofi, aliiona injini, aliwaona Dédé na wale sita waliokuwa wakisikiliza, na aibu ikampanda. Ilimshika kila mahali isipokuwa mdomoni.

"Ilitoka, mulamu," alisema. "Ilitoka tu."

Mkono ulingoja kidogo. Kisha ukarudi kwenye bomba, ukafunga vidole vinne, na cha tano ukakifunga juu yavyo.

"Aksanti," alisema Colette. Aliupaka mafuta, akaufunga kitambaa chake, akasimama na kujikung'uta. "Basi naenda Puta. Banasema kule kuko mutu moja wa mukono moja, anashonaka nyavu kwa meno." Alipokuwa akipita aliona kidole gumba cha Sampa kimelala nje ya chuma, akainama, akakishika kwa vidole viwili, akakizungusha mahali pake kama mtu anayemfunga mtoto kifungo cha shati.

"Funga kidole, shemeki," alisema. "Isikutoke na weye."

Sampa alikiacha kimefungwa mpaka Colette alipopita banda la barafu, kisha akakifungua. Dédé alikiona, akaendelea kukaza kopo lake. Huko ufukweni kijana wa boti alivuta kamba, na ile injini iliyopona ikawaka kwa mvuto wa kwanza, kama kawaida yake.