Mama Wakili Anunua Begi

Jina la Mama Wakili alipewa na wateja wake wa saluni, kabla hata hajakanyaga darasa. Ilitosha kwao kusikia kwamba amepata nafasi chuo kikuu kusomea sheria. Na kwa kweli kazi hiyo alikwishaianza zamani. Miaka nenda miaka rudi alisuka vichwa vya watu huku akiwaamulia kesi zao: nani amwache mume, nani amrudishie wifi yake masufuria, nani adai talaka na nani aombe radhi yaishe. Hukumu zake zilikuwa kali na hazikuwa na rufaa, kwa kuwa mtu aliyesukwa nusu kichwa hawezi kuinuka akaondoka.

Mwaka huohuo binti yake naye alimaliza shule, akapata nafasi chuo kilekile. Baba mtu alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuonekana nyumbani kama mwezi mwandamo. Alipopewa habari hizo kwa simu aliuliza nani atabaki wa kupika. Mama Wakili akamjibu kuwa jiko lipo palepale alipoliacha.

Jumamosi moja mama na binti wakafuatana kwenda kununua mabegi ya chuo. Mama alibeba laptopu yake ndani ya foronya, pamoja na vitabu viwili vya sheria vyenye unene wa tofali.

"Mama, watu hawaendi dukani na mizigo," binti akamwambia njiani.

"Kiatu unanunua bila kwenda na mguu?"

Duka lenyewe lilikuwa jembamba, mabegi yamening'inia hadi darini kama popo. Muuzaji alikuwa kijana aliyejipulizia manukato ya kumtosha bwana harusi na ukoo wake. Alimpita mama kama anayepita nguzo, akaenda moja kwa moja kwa binti.

"Karibu dada. Unaanza chuo, siyo? Tutakupatia kitu kizuri. Na mama tumtafutie mkoba wa sherehe?"

"Mama mtafutie begi la chuo," akasema Mama Wakili. "Nasomea sheria."

Kijana akamgeukia binti kama anayetafuta mkalimani. Binti akaangalia dari.

Basi kijana akaingia nyuma, akarudi anaburuta begi la magurudumu lenye mpini mrefu. "Hili mama litakufaa. Linapendwa sana na watu wa... watu wanaopenda kupumzisha mgongo."

"Watu wa umri gani?"

"Umri wowote tu, mama."

"Utaje."

Kijana akaliburuta begi kulirudisha lilikotoka.

La pili lilikuwa jeusi linalong'aa, la kukufanya uonekane umeshaajiriwa. Mama Wakili akaitoa laptopu kwenye foronya, akaitumbukiza kwenye mfuko wa nyuma, akaliweka begi sakafuni. Ikasikika *ko*.

"Umesikia hiyo?" akauliza. "Laptopu imepiga kisogo. Huo mfuko umeshuka mpaka chini, na chini hakuna hata sponji."

"Ukiliweka taratibu halitagonga, mama."

"Mwanangu, mimi sijawahi kuweka kitu taratibu tangu nizaliwe. Lete jingine."

La tatu lilikuwa la kijivu, sura yake kama ya mtumishi wa serikali: halivutii, lakini lipo. Mfuko wake wa laptopu ulizungushiwa sponji, na uliishia juu kidogo ya kitako cha begi, kwa hiyo lilipowekwa chini halikutoa sauti. Mikanda ya mabegani ilikuwa mipana. Mama Wakili akapakia vitabu vyote viwili, akalivaa, akazunguka duka, akapanda stuli, akashuka, akainama kama aliyeangusha hereni. Begi likamganda mgongoni kama mtoto aliyebebwa.

Tatizo likawa ule ukanda mdogo wa kufunga kifuani. Kijana akausogeza mbele ili aufunge, akafika mahali, akasita. Mama Wakili alikuwa amejaliwa. Ukipitishwa juu ya majaliwa hayo, ukanda ulimkaba koo; ukipitishwa chini, ukawa mkanda wa suruali; na njia ya katikati, kijana wa watu hakuona namna ya kuipendekeza akabaki na heshima zake. Jasho likamtoka, manukato yakachanganyikana.

"Uache," Mama Wakili akamhurumia. "Hiyo kesi ni ya mahakama ya juu."

Alipogeuka alimkuta binti mbele ya kioo, ameshika kibegi chekundu chenye vifungo vya dhahabu, kidogo kama cha mtoto wa chekechea. Laptopu isingeingia humo hata kwa kuapishwa.

"Hicho kitabeba nini?" akauliza mama. "Kitana na sala?"

"Kinanitosha. Mimi sina vitabu vikubwa. Mimi sisomi sheria."

Alilisema hilo polepole, akiwa bado anajitazama kiooni. Mama Wakili akalivua begi la kijivu, akaliweka sakafuni taratibu.

Maana ukweli ulikuwa huu: sheria aliitaka binti. Aliitaka tangu akiwa mdogo, akikaa kwenye kona ya saluni kusikiliza hukumu za mama yake. Siku alipotuma maombi yake alimjazia fomu na mama yake, kwa utani, akamchagulia kozi ileile, akijua fika jibu litakuwa hapana. Majibu yalipotoka, mama akapata sheria. Binti akapata ukutubi, masomo ya kutunza maktaba. Nyumba nzima ikapiga vigelegele, na mwenye utani akapiga pamoja nao, kwa kuwa angefanya nini?

"Unataka niiache?" mama akauliza hatimaye.

"Sitaki uiache. Nataka tu usifurahi kiasi hicho mbele yangu."

Mama Wakili akafikiri. Kuacha chuo angeweza, kwa uchungu. Kuacha kufurahi hakujua hata kunaanzia wapi.

"Nitajaribu," akasema. "Nikishindwa nikanyage mguu."

Binti akainama haraka kuchezea zipu, na mabega yake yakatikisika. Mama hakuweza kujua kama ni kicheko au kilio, na hakuuliza. Kijana alikuwa amejificha nyuma ya masanduku ya safari, anapangusa sanduku safi.

Wakaondoka na la kijivu na chekundu. Binti alijua wazi kwamba chekundu hakimfai, ila alikwishasema, na ubishi alikuwa ameurithi kihalali. Mama hakutia neno, dukani wala njiani. Kumzaa mtoto huyo hakukuwa kugumu kiasi hicho.

Wiki ya kwanza ya masomo ikanyesha mvua ya ghafla. Mama Wakili akajibanza chini ya kibaraza cha maktaba pamoja na umati wa wanafunzi. Upande wa pili akamwona binti yake anakuja mbio na wenzake wawili, kibegi chekundu kinadundadunda mgongoni, laptopu ameikumbatia kifuani ndani ya sweta. Mama akageuza uso, akasoma kwa makini tangazo la kukataza kuvuta sigara.

Akasikia zipu inafunguliwa mgongoni mwake. Kitu kizito kikateremka humo ndani, zipu ikafungwa.

"Ziko mbili sasa," sauti ya binti ikasema. "Usilitupe chini." Kisha akawageukia wenzake, nywele zinamchuruzika maji. "Huyu ni mama yangu. Anasoma sheria. Mwenye kesi amweleze leo, kabla hajaanza kutoza."

Mmoja wa wale wasichana akasema kweli anayo, inahusu mwenye nyumba wake. Mama Wakili akamsikiliza mpaka mvua ikapungua, akamhukumu mwenye nyumba vikali, halafu akagundua amechelewa.

Alipanda ngazi za ukumbi wa mihadhara na laptopu mbili na vitabu viwili, magoti yanalia, hapumziki. Alipousukuma mlango, kelele zote zikakatika. Wanafunzi wa mbele wakavua kofia, wa katikati wakafungua madaftari, mmoja akamtakia asubuhi njema, akimwita mwalimu. Mama Wakili akasimama pale mbele akihema, akaiacha heshima hiyo imnogee kidogo. Kisha akauliza kama kuna kiti karibu na dirisha.