Binti Yangu Macheo

Baba yangu, Mwalimu Wanyonyi, alifundisha Kiswahili katika shule ya Myanga kwa miaka thelathini, na nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kusema "asubuhi" mbele yake. Asubuhi, alisema, tuliletewa na Waarabu tukaizoea mpaka tukasahau neno letu. Letu ni macheo. Limetokana na kucha, pale usiku unapokwisha na kweupe kuingia. Washairi wa kale walilitumia kwa saa na kwa upande pia: macheo ndiko jua litokako. Ndugu zangu walipiga miayo. Mimi nilisikiliza.

Kwa hiyo nilipojifungua Kitale kukipambazuka, nilimwambia mume wangu, Gathii, kwamba binti yetu ni Macheo. Sikutaka makuu. Mila yao naijua: msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake. Basi awe Macheo Nyaruai, tuache tu jina la Kizungu la ubatizo. Gathii alinitazama machoni akasema, "Sawa. Macheo." Nikampigia baba simu. Nikamsikia akipenga kamasi. Simu ile niliifurahia kuliko harusi yangu.

Mama mkwe hakupendezwa. "Ati Macheo? Si hiyo ni jina ya hoteli bana!" Aliyasema hayo huku akinikorogea uji, uji mtamu kweli, nami nikacheka kama mjinga.

Siku ya ubatizo baba alifika mapema, suti yake ya kijivu imepigwa pasi mpaka inang'aa. Kanisani kwetu msimamizi ndiye humbeba mtoto na kumtaja mbele ya watu. Kwa heshima nilimwachia Wacera, dada yake Gathii, kazi hiyo. Heshima yangu ilinitokea puani.

"Mtajeni mtoto huyu," mchungaji akasema.

"Mary Ann Nyaruai," Wacera akajibu bila kusita.

Maji yakamwagwa. Nilimtazama Gathii, alikuwa akitafuta kitabuni wimbo ambao haukuwa umetangazwa. Nikajua wamenizunguka. Walikaa wakapanga nyumbani kwangu, wakila chakula changu. Lakini aliyeniuma zaidi ni baba, pale benchi la mbele. Nilimwonea huruma.

Nje nilimkimbilia. "Baba, nisamehe. Wamelitupa jina lako. Sikujua!"

Baba alitazama viatu vyake. "Gathii alinipigia mwezi jana, mama. Akauliza kama nitakasirika. Nikamwambia hakuna shida."

"Na hukuniambia?"

"Ungekataa. Mimi nilitaka tu ukae vizuri na watu wako. Hilo ni neno tu, Dinah."

Neno tu! Gathii niliweza kumtukana, na jioni hiyo nilimtukana mpaka akakosa pa kukaa. Baba sikuwa na tusi la kumpa. Nilihisi kama mtu aliyelinda nyumba miaka yote, kumbe mwenyewe alishahama.

Pale nje ya kanisa, mtoto akaanza kulia mikononi mwa Wacera. Nikamchukua, nikamweka begani.

"Nyamaza, Mary Ann," nikasema kwa sauti, baba asikie vizuri. "Nyamaza, Mary Ann, mama yupo."

Baba alifungua mdomo, vile alivyozoea kutusahihisha. Nikamsubiri. Akaufunga tena, akatazama viatu vyake.