Mnara wa Tatu Nyuma ya Msalaba

Mume wangu Valdenir hajui kuimba. Mtoto wetu Davi akilia, humweka begani, akazunguka naye barazani huku akimnong'oneza maneno yaleyale: "Mnara wa tatu ujifiche nyuma ya msalaba wa kanisa. Kilima cheupe kiguse paa la shule. Hapo tupa nanga." Davi husinzia kabla ya nanga.

Hiyo ndiyo njia ya kufika kwenye mwamba wa baba mkwe wangu, chini ya bahari, wanakokaa kamba koche na changu wekundu. Hapa kwetu Pontal, kijiji cha wavuvi, alama za mwamba haambiwi mtu ila mwana wa kiume, na Valdenir ameona aanze mapema.

Baba mkwe wangu, Mzee Evilásio, alirithishwa na baba yake. Enzi hizo alama haikuwa mnara, ilikuwa mnazi. Mnazi ukaanguka, na muda si mrefu kampuni fulani ikasimamisha minara ya upepo juu ya vilima vya mchanga. Mzee aliandamana kuipinga. Bango lake lililoandikwa NG'OENI MINARA bado liko nyuma ya mlango wetu, na kila uchaguzi ukikaribia hulipangusa vumbi. Lakini mnara wa tatu ulikuwa umeota karibu palepale pa mnazi, na mvuvi hachagui alama.

Mwaka huu ikaja kampuni nyingine, inataka kusimika minara yake baharini kabisa. Serikali ikasema kwanza ichorwe ramani ya mahali watu wanapovua, ili minara ipakwepe. Mwalimu wa darasa letu la jioni la watu wazima akatugawia ramani na mitaa ya kwenda kuuliza. Nikambeba Davi kiunoni, nikaanza kwa baba yake wa ubatizo, Mzee Tarcísio, ambaye nyumba yake inapakana na yetu.

"Baba, unavua wapi?"

"Baharini."

"Bahari ni kubwa, baba."

"Ndiyo maana nimejibu kwa kifupi."

Mwishowe akaweka nukta kwenye ramani yangu, mahali ambapo hata kaa angeona upweke. Nikarudi nyumbani kwa baba mkwe. Yeye akagusa mdomo wa mto, tunapofulia nguo.

"Hapa, baba? Maji si yanafika magotini?"

"Samaki wangu ni wafupi."

"Lakini hii ni ili kampuni ijue isijenge wapi."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Kampuni ni mgeni, mkwe wangu. Itakuja, itaondoka. Tarcísio ni jirani."

Kikao kilifanyika mchana kwenye uwanja wa ndani wa shule. Kampuni iligawa kahawa, vikate vya muhogo vya tapioka na kofia zenye picha ya mnara. Wanaume waliokuja kuipinga minara wakazivaa, maana kofia ni kofia. Daktari Mirela, msomi aliyetumwa na kampuni kutoka mjini kuongoza mradi, alikuwa mama mpole mwenye sauti ya kubembeleza. Akawasha projekta, ramani yetu ikajaa ukutani.

Nukta zilikuwa zimesongamana ufukweni kama ufuta juu ya mkate. Katikati ya bahari palikuwa peupe, pana, pasafi.

"Tumewasikiliza," alisema. "Mmetuonyesha wenyewe. Eneo hili halina mvuvi hata mmoja. Minara yote tutaiweka hapa."

Nikatazama kama tulivyofundishwa darasani. Nikauvuta kwa macho mstari kutoka mnara wa tatu, ukapita kanisani, ukaingia baharini. Nikauvuta mwingine kutoka kilima cheupe, ukapita juu ya shule. Ikakutana katikati ya ule weupe.

Mzee Tarcísio akasimama, akavua kofia. "Kasa," alisema. "Kasa hupita hapo. Wanyama wale ni wa kuhurumiwa."

Huyu ndiye mzee niliyezoea kumsikia akiwalaani kasa kwa kuchana nyavu zake. Mwingine akawatetea nyangumi. Kisha akainuka baba mkwe. "Mandhari. Mke wangu hupenda kukaa jioni akitazama upande ule."

Mama mkwe, aliyekuwa pembeni yangu, alimeza tapioka yake. "Toka nimeolewa," alininong'oneza, "nafasi ya kukaa sijaipata."

"Kasa tumewachunguza, na nyangumi pia," alisema Daktari Mirela. "Mandhari nimeiandika. Sasa nauliza juu ya uvuvi. Kuna anayevua hapa?"

Wanaume walitazamana chini ya kofia za kampuni, kila mmoja akingoja mwenzake aropoke. Valdenir alimtazama baba yake. Baba yake alitazama ndala zake. Davi alikuwa akitafuna ukingo wa kofia yangu, nami nikajiuliza: hili likipita, huyu atanong'onezwa nini?

Nikasimama. "Naitwa Jucineide, wa darasa la jioni. Hapo pana mwamba." Nikaenda nikaushika ukuta kwa kidole. "Mnara wa tatu ukijificha nyuma ya msalaba, na kilima cheupe kikigusa paa la shule. Sisi tunavua hapo."

Baba mkwe akafumba macho.

"Hapana," alisema Mzee Tarcísio polepole. "Mwamba huo ni wangu."

Baba mkwe akafumbua macho. "Wako tangu lini?"

"Alinipa marehemu baba. Naenda Jumanne."

"Ndiyo maana Jumatano sipati kitu."

Sauti ikatoka viti vya nyuma: "Mnisamehe wazee wangu. Mimi huenda Jumatatu."

Watu wakacheka mpaka bati likaitikia. Mtu akauliza, "Evilásio, mnara wa tatu tena? Bango si la kwako?" Wakacheka upya.

Daktari Mirela akachora duara jekundu kuuzunguka mwamba. Akasema hapo haitajengwa, na kwamba nukta za ufukweni zitapitiwa upya, safari hii na watu wakweli. Kisha, kwa kutaka tuagane vizuri, akaongeza, "Nina habari njema pia. Ile minara ya zamani ya vilimani imechakaa. Wenyewe wataing'oa yote kabla ya Krismasi, kama mlivyodai siku zote."

Akangoja makofi. Hakuna aliyepiga.

Baba mkwe alitangulia mbele njia nzima. Valdenir alimbeba mtoto, akanishika mkono. Tulipofika, mzee alienda moja kwa moja nyuma ya mlango, akatoa bango, akaligeuza upande usioandikwa, akalilaza mezani.

"Mkwe wangu. Wewe una mwandiko."

"Niandike nini, baba?"

"Andika: MSIGUSE MNARA WA TATU."

Mzee Tarcísio alikuwa ameshaingia bila hodi, kopo la rangi mkononi. Akainama juu ya bango akilipima kwa jicho moja.

"Herufi kubwa, mwanangu," alisema. "Zisomeke kutoka kule mwambani kwetu."