Lugha Anayoielewa Askari

Mwanga hauanzi mjini. Huanza juu, kwenye vilele vya Uluguru, ukagusa mawe, ukagusa msitu, ukashuka kwenye mashamba ya mboga, ukapita migomba taratibu, kama mwanamke mwenye tenga kichwani asiyetaka kuteleza. Huchelewa kufika Morogoro mjini. Na huko mjini, ukuta wa gereza ndio wa mwisho kuupata.

Regina anaujua mwendo huo, maana ndio mwendo wake. Jana alishuka kutoka Matombo juu ya fuso la ndizi, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine kwenye kifurushi. Leo Jumapili, baada ya misa ya kwanza, ameketi kizingitini kwa wifi yake Devotha, Mafiga mjini, miguu ameinyoosha mbele, vumbi la barabara bado limeganda visiginoni. Ana miaka sitini na mmoja. Magoti yake yana zaidi.

Nimechoka, Bwana, lakini nimekuja.

Kwenda kumwona mfungwa kuna maandalizi, kama kwenda kupokea komunyo. Mtu hajiendei tu. Gauni liwe refu, khanga ziwe mbili, kichwa kifungwe. Nguo zisifanane rangi na sare za jeshi. Kitambulisho kiwe mkononi, pamoja na barua ya mtendaji wa kijiji, yenye muhuri unaosomeka. Simu haiingii. Chakula nacho hakiingii. Zamani, Shukuru alipokuwa mahabusu, Regina alimpelekea wali na maharage, akaonja kijiko kimoja mbele ya askari, na kijiko hicho kimoja kilikuwa kama kula na mwanawe. Tangu hukumu isomwe, Shukuru anakula chungu cha serikali, na mama yake hana tena cha kuonja.

Sabuni inaruhusiwa. Mche mzima hukatwa langoni ili uangaliwe ndani, kwa hiyo siku hizi Regina huukata mwenyewe nyumbani, vipande vinne, kumpunguzia askari kazi. Mambo kama haya hakuna anayemfundisha mtu. Mtu hufundishwa na kurudishwa.

Halafu kuna maneno. Mfungwa huyu anaonwa mara moja kwa mwezi, dakika kumi na tano, wavu katikati, askari pembeni anasikiliza. Kwa hiyo maneno nayo yanataka kuoshwa, kukunjwa na kupangwa kabla ya kutoka nyumbani.

Regina ana neno moja tu la kumpa mwanawe. Amelibeba miezi miwili. Bado halijapita kwenye wavu.

Zaidi ya miaka mitatu iliyopita, kiangazi, Shukuru aligombana na jirani kwa ajili ya maji ya mfereji, wakati kabichi za kila mtu zilikuwa zinakauka. Alishika jembe. Jirani alipona, lakini mkono wake haukurudi sawa. Mahakama ikasema miaka mitatu. Na nje ya mahakama, watu wamejaa, mzee Fransisko, mumewe Regina, akamnyooshea mwanawe kidole, akasema kwa Kiswahili ili kila mtu asikie: "Usikanyage kwangu."

Kwa Kiswahili. Mtu ambaye hata mbuzi aliwafokea kwa Kiluguru.

Mwezi wa sita mwaka huu Fransisko akaugua, na siku yake ya mwisho, kichwa kikiwa mapajani pa Regina, akaita. Hakusema nimemsamehe. Hakusema kamwambie. Aliita tu, kwa sauti iliyobaki, ule mwito aliozoea kumwita nao Shukuru arudi kutoka shamba la chini, mawingu yakishakuwa meusi: jina la mtoto likivutwa, kisha neno la Kiluguru, neno moja, linalopanda mwishoni. Miaka yote mwito ule ulivuka bonde. Siku ile haukuvuka hata kitanda. Regina peke yake aliusikia.

Shukuru alipata habari za msiba kwa barua, naye akajibu kwa barua. Amebakiza miezi mitatu, aliandika. Akitoka hatapanda mlimani. Ataenda kukata miwa huko mabondeni, kwa sababu baba alikwisha kusema, na aliyesema hayupo tena aifute kauli yake.

Basi hilo ndilo alilonalo Regina kifuani: mwito wa kufuta kauli. Asipoufikisha, atakuwa amemzika mume na kumpoteza mtoto katika mwaka mmoja.

Mara ya kwanza alikwenda na neno lenyewe, kama lilivyotoka. Alipofungua kinywa tu kwenye wavu, askari aliyekaa pembeni, kijana mstaarabu aitwaye Salehe, akainua kalamu.

"Mama, Kiswahili."

Regina akaendelea. Ulimi haukujua njia nyingine ya kuzungumza na mtoto huyu. Alimnyonyesha kwa Kiluguru, akamchapa kwa Kiluguru.

"Mama, samahani. Hapa Kiswahili tu. Kilugha hakiruhusiwi."

Dakika zilizobaki walitazamana, wakalia, muda ukaisha. Kulia hakuna lugha, hakukukatazwa.

Mara ya pili alijiandaa. Kiswahili cha Regina ni cha mahali pawili, kanisani na sokoni. Kwa Kiswahili anaweza kumsifu Bikira Maria na anaweza kuuza mdalasini. Kumwita mtoto nyumbani hajawahi. Kwa hiyo jioni nzima yeye na Devotha walikaa uani wakitafsiri.

"Sema, baba amekusamehe," Regina alijaribu.

"Hilo ni la padri hilo, wifi. Kaka yangu hajawahi kulitamka."

"Alilitamka kila Jumapili, kwenye Baba Yetu."

"Pale alikuwa anafuata wenzake."

Wakacheka, wajane wa mtu mmoja kwa namna mbili, mke na dada. Mwishoni wakakubaliana: *Baba yako amesema njoo nyumbani.* Regina akalala nalo, akaamka nalo, akaliingiza gerezani kama alivyoliandaa.

Salehe akainua kichwa. "Mama, unamwambia mfungwa afanye nini?"

"Aje nyumbani."

"Lini?"

"Kabla ya mvua," akajibu Regina, kwa sababu ndivyo mwito ulivyokuwa.

Waliokuwa kwenye mabenchi wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Bibi huyu analeta mpango wa kutoroka mchana kweupe!" Hata Salehe alitabasamu. Shukuru peke yake hakucheka. Akasogeza uso karibu na wavu, akasema polepole, kwa Kiswahili:

"Mama, usinitungie. Baba hakusema hivyo."

Na kweli, hakusema hivyo.

Nimechoka, Bwana, lakini nimekuja.

Leo ni mara ya tatu, na zimebaki wiki tatu Shukuru atoke. Baada ya leo hakuna siku nyingine.

Langoni kuna foleni. Kuna beseni la kuwekea vitu visivyoingia, na Regina ameshaweka rozari yake humo, maana msalaba wake ni wa chuma. Kuna ubao wa masharti, umepigwa jua miaka mingi, herufi zake zimefifia. Hakuna anayeusoma. Watu huutazama kama wanavyotazama mti.

Lakini Devotha alijifunza kusoma akiwa na miaka hamsini na nane, darasa la jioni, kwenye ukumbi wa parokia, kidole chini ya neno. Aliyesoma utotoni huruka mistari. Devotha hajui kuruka. Kila herufi aliihangaikia akiwa na usingizi machoni na harufu ya vitunguu mikononi. Haipiti mbele yake bila kusalimiwa.

"Twende, wifi, foleni inasogea."

"Subiri. Nipo la saba."

"Tunayajua hayo. Khanga, simu, barua."

"Nipo la nane."

"Bibi," akasema mwanamke wa nyuma yao, "huo ubao siyo novena ya siku tisa!"

"Ungekuwa novena ningebakiza moja, mwanangu. Yako kumi na moja." Kidole kikashuka. "La tisa. Ma-zu-ngu-mzo… yatafanyika… kwa lugha… a-na-yo-i-e-le-wa… askari msimamizi."

Akarudia kimoyomoyo. Akarudia kwa sauti. Kisha akageuka, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyesikia jina lake likitajwa kanisani.

"Wifi. Hapa hapajaandikwa Kiswahili."

Mezani, Salehe aliwapokea kwa heshima. "Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba," akasema Devotha. "Mwanangu, nani aliyekwambia Kiswahili tu?"

"Ndio utaratibu, mama."

"Utaratibu upi?"

"Huo hapo ubaoni."

"Basi njoo unisomee la tisa. Mimi ni wa darasa la jioni, huenda nimekosea."

Kijana akainuka, akasoma. Midomo yake ilicheza kidogo. Akasoma tena. Akajikuna shingo, na kwa heshima yake lazima isemwe kwamba hakukasirika.

"Sawa, mama. Lakini msimamizi ni mimi, na mimi Kiluguru sikielewi. Mimi mtu wa Tabora."

"Si kosa lako. Tutafutie anayekielewa."

"Leo Jumapili, mama, tuko wachache."

"Tumeshasali," akasema Devotha. "Tutangoja."

Wakangoja. Saa nne ikaenda, saa tano ikaenda. Watu waliingia na sabuni wakatoka na mikono mitupu, wengine wakitembea haraka, wengine kama wamesahau njia. Jua likafika utosini. Regina hakuwa na rozari, akasali kwa vidole. Kila kidole Salamu Maria moja, vikiisha anaanza tena, hata akawa hajui ameizunguka mikono yake mara ngapi. Hakuomba mambo makubwa. Aliomba askari mmoja. Tena asiwe mwema, Bwana, wema hauandikwi ubaoni. Awe anaelewa tu.

Nimechoka, Bwana.

Lango la wageni hufungwa saa nane. Saa saba na nusu akatokea Sajini Eustace kutoka stoo, mtu mzima wa kukaribia kustaafu, unga wa ugali kwenye mikono ya shati. Mtu wa Kinole, huko huko mlimani. Alisimama mbele yao akawasalimu kwa Kiluguru, salamu ya kawaida tu ya kuulizana mmeamkaje, na Regina akaitikia kama mtu aliyepewa maji, kwa jinsi ilivyomgusa kusalimiwa hivyo mahali hapa.

Shukuru akaletwa, na sare yake ya rangi ya machungwa, mwembamba kuliko mwezi uliopita. Akawaamkia kwa Kiswahili. Regina akamjibu kwa Kiluguru. Kijana akamtupia jicho askari, akisubiri kukatazwa, na alipoona Sajini amekunja mikono anasikiliza tu, mabega yake yakashuka kidogo.

Regina akamwambia yote. Homa. Kitanda. Kichwa mapajani. Kisha akageuka.

"Afande, neno lenyewe linaitwa kwa sauti. Nikilinong'ona si lenyewe."

"Mama, kelele haziruhusiwi," akasema Salehe.

Sajini akatazama dari. "Hilo lipo ubaoni?"

"Halipo," akasema Devotha. "Nimeyasoma yote."

Basi Regina akasimama. Akaweka viganja pembeni mwa kinywa, akavuta pumzi kutoka kwenye magoti yale yale yaliyochoka, akaita. Akaliita jina la mwanawe akalivuta, akalivuta juu ya mabenchi, juu ya daftari, juu ya ukuta, kisha akaliachia lile neno moja likapanda mwishoni, kama Fransisko alivyoliachia miaka yote kutoka mlangoni, mawingu yakiwa meusi, sufuria ikiwa tayari. Halikutafsiriwa. Halikuwa na haja. Mtoto aliyekuwa akilia mgongoni mwa mtu akageuza kichwa kuitazama sauti.

Shukuru aliinamisha kichwa. Mama akangoja, wifi akangoja, askari wawili wakangoja.

"Muda," akasema Salehe, kwa sauti ndogo.

Shukuru akainuka. Akawapa mgongo, akaenda, hatua kwa hatua, hadi kwenye mlango wa chuma. Regina akaketi. Ndiyo basi, alijiambia. Nimefikisha. Kufikisha ndiko kulikuwa kwangu.

Na pale mlangoni, bila kugeuka, mgongo umeinama kama mtu aliye katikati ya matuta, Shukuru akaitikia. Kwa sauti. Kwa Kiluguru. Itikio la mtoto aliye shamba la chini, lenye uvivu kidogo ndani yake, la mtu anayemalizia tuta lake kwanza.

Mlango ukafungwa.

Salehe alikuwa ameshika kalamu juu ya daftari. "Sajini, amesema nini? Niandike."

Sajini Eustace alijifuta uso kwa mkono wa shati, unga ukabaki kwenye shavu. "Amesema anakuja."

"Anakuja wapi?"

"Kwao, kijana. Akimaliza. Andika hivyo."

Salehe akaandika hivyo.

Nje, mwanga ulikuwa umejaa kila mahali, mkali, hauna kivuli, umekaa juu ya ukuta wa gereza sawasawa na ulivyokaa juu ya mlima. Regina akaichukua rozari yake kwenye beseni, akavuka barabara, akafika kwenye jiwe, akasema atapumzika kidogo tu. Kabla hajamaliza kusema alikuwa amelala, ameketi wima, mdomo wazi, rozari imeviringika mkononi.

Devotha hakumwamsha. Alisimama upande wa jua, akafungua khanga yake moja, akaitandaza kwa mikono miwili, akamkinga.