Hodi ya Tatu

Usiku wa jana niliota niko darasani chuoni, nimekaa dawati la mbele, na mhadhiri wetu alikuwa birika.

Sisemi alifanana na birika. Alikuwa birika lenyewe, la bati, lile la chai ya msibani, na miwani ameivaa juu ya mdomo. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba kwa mvuke, akasema nikae sawa, kipindi ni hadithi fupi za Wajapani wa siku hizi, zilizotafsiriwa kwa Kiingereza.

Sikushangaa sana. Mimi shule niliishia la saba, natoa kopi kwenye steshonari iliyo mbele ya chuo, hapa Mbeya. Lakini chumba changu kimepakana na cha Atupele, na Atupele ndizo anazosoma hizo. Jioni akifua ananisimulia kwa Kiswahili, ili zimkae kichwani. Jana alinisimulia ya mwanamke aliyegombana na mama yake, akaondoka, wakanuniana miaka na miaka. Siku moja anarudi. Mvua inanyesha. Anafika mlangoni, anainua mkono agonge. Basi.

"Basi nini?" nilimwuliza.

"Imeishia hapo."

"Inaishaje na mtu yuko nje ananyeshewa?"

"Ndivyo zilivyo hizi, Sekela. Na kesho nasimama mbele ya darasa nieleze kwa nini mlango haukufunguliwa. Hata sijui naanzia wapi." Akalikamua shuka kama lilimkosea.

Nililala na huyo mwanamke moyoni. Kumbe wenzangu wa darasa la ndotoni nao walikuwa naye.

Birika anaandika sheria ubaoni. Sheria ya kwanza: msimulizi wa hadithi hii haaminiki. Nageuka, namwona kasimamishwa kwenye kona, mwanaume mwembamba mwenye koti, kashika barua ya serikali ya mtaa na picha zake za pasipoti. Hazijamsaidia.

Sheria ya pili: katika hadithi hizi ukimya una uzito kuliko maneno. Ukimya ukaletwa kwenye beseni. Tukapokezana kwa mikono miwili, usimwagike. Kweli ulikuwa mzito, na wa baridi. Ulipofika kwangu nikaona ndani yake kuna samaki mdogo mwekundu, anafumbua mdomo na kuufumba.

Sheria ya tatu: ni marufuku kuongeza neno ambalo mwandishi hakuliandika. Kengele ikilia, kitabu kinafungwa, na aliye nje anabaki nje.

"Mpaka lini, mwalimu?" nikauliza.

"Moja kwa moja," akasema Birika.

Hapo ubao ukawa haupo. Mahali pake pana kibaraza cha mbao, na mlango wa karatasi, na mwanamke amesimama kauelekea. Mvua inamnyeshea yeye tu. Mkono wake uko juu. Gwamaka, yule wa darasa la kina Atupele anayetuletea flashi zenye virusi, amemshika kiwiko asichoke.

"Zamu yako inaisha saa ngapi?" nikamwuliza.

"Sijui. Aliyenipa zamu ameshahitimu."

"Mimi ndiye niliyechoka, si yeye," ukasema mkono. "Kila darasa likinisoma, nagonga. Mwaka juzi niligonga. Mwaka jana nikagonga. Kimya. Leo nikigonga ndiyo ya tatu."

Kwetu hodi ni tatu. Ya tatu usipoitikiwa, unageuka unaenda zako, wala humlaumu mtu. Hurudi tena.

Wanafunzi wanajadiliana kuhusu mlango. Mmoja anasema mlango huu ni upweke. Mwingine anasema ni vita iliyopita. Mwingine anasema ni mji mkubwa.

"Mimi ni mlango," ukasema mlango. "Wa karatasi, sikatai, lakini mlango."

Nikashukuru. Basi nikauangalia kama mlango. Nyuma ya karatasi kulikuwa na taa, na kwenye mwanga wake kivuli: kibibi kimekaa sakafuni, karibu kabisa, goti lake linagusa karatasi. Kinafumbua mdomo na kuufumba, kama yule samaki.

Nikaenda kwenye kona. "Kaka, yule si mama yake?"

"Ndiye," akasema msimulizi. "Amekaa hapo tangu ukurasa wa kwanza. Lakini mimi siaminiki."

"Mbona haitikii?"

"Alikuwa na neno. Kwao kuna neno la kumpokea mtu wa nyumbani akirudi, linasemwa mlangoni, kabla hajavua hata viatu. Lilizuiwa mpakani, hadithi ilipokuwa inaingia Kiingereza. Ila usiseme nimesema mimi, maana wataona ni uongo."

Atupele alikuwa nyuma yangu, kashika shuka lake bichi. "Sekela, nenda wewe. Wa mpakani unawajua."

"Mimi?"

"Kwani unafanya kazi wapi?"

Nikafungua mlango wa darasa, na nje ni mpakani. Kuna geti, kuna malori yamebeba koma na nukta, na afisa wa zamu ni mashine yangu ya kopi, imevaa kofia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Leo hukunipangusa."

"Leo Jumapili."

"Vumbi halijui Jumapili. Haya, sema."

Nikaieleza habari za kibibi. Mashine ikafungua mfuniko. Ndani kulikuwa na maneno yamerundikana kama nguo za mitumba, ya kila lugha, mengine bado yana joto la midomo. Ikapekua, ikatoa moja dogo, la rangi ya chai, limechanika katikati.

"Ni hili. Nilijaribu kulipunguza lipite, likachanika. Halishoneki tena."

"Sasa yule bibi atasemaje?"

"Aazimwe lingine linalofanya kazi hiyohiyo. Wewe huna?"

Ninalo. Nililikuta kwa mama yangu, nalitumia kila siku, limekwisha kwenye pindo. Nikaliita, likaja ulimini.

"Angalia vizuri lakini," ikasema mashine. "Ukimwazima, wewe huna. Mpaka alirudishe. Na wazee wanasahau."

Nikawafikiria watu wanaonipigia hodi. Ni wachache. Ndiyo maana nililionea uchungu. Mwenye wageni wengi akikosa kumwitikia mmoja, watakuja wengine. Mimi, Atupele akigonga nisiitike, nani mwingine atakuja?

Kengele ikaanza kujinyoosha kule darasani. Naisikia inakohoa, inajiandaa.

Nikalitoa neno. Lilikuwa na joto kama kiazi kilichotoka jivuni. Nikalifunga kwenye pindo la kanga, nikakimbia.

Birika anachemka, mfuniko unarukaruka. "Sekela! Unaongeza neno!"

"Siongezi, mwalimu. Lilikuwepo. Naweka kiraka palipotoboka."

Mvuke ukamjaa kwenye miwani. "Sasa sioni kitu," akasema kwa sauti kubwa, darasa zima lisikie. Mpaka sasa sijui kama ilikuwa hasira au alinisaidia.

Napiga magoti kibarazani, ndala zangu nimezitupa huko. Nalipitisha neno chini ya mlango. Nalisukuma kwa kidole. Upande wa pili vidole vingine, vikavu, vinalipokea.

"Gonga," nikauambia mkono.

"Hii ni ya mwisho."

"Najua. Gonga."

Ukagonga.

Samaki kwenye beseni akasimama. Msimulizi akakunja barua yake. Kengele imeshavuta pumzi, mdomo uko wazi. Kivuli kinaligeuza neno kinywani, kinalionja kama mtu anayeonja chumvi ya ugenini, na mimi nawaza, bibi, limeze tu, litoke lenyewe.

"Karibu," ikasema sauti ndani. Ni kibibi cha Kijapani, lakini lafudhi ni ya mama yangu. "Karibu, mwanangu. Pole na mvua."

Mlango ukafunguka wenyewe. Mkono ukashuka, na Gwamaka akakaa chini kwa kishindo.

Mwanamke hakukimbilia ndani. Alivua viatu kwanza. Halafu akachuchumaa, akavigeuza, akavipanga sambamba, vidole vikitazama nje. Akaziona ndala zangu nilivyozitupa, moja huku moja kule. Akazifuata kwenye mvua, akazileta, akazigeuza nazo vilevile.

"Mama, za nini kugeuzwa?" nikamwuliza.

"Ukitaka kutoka, unavaa tu," akasema. "Safari ile niliondoka peku."

Akainama, nami nikainama, kibibi kikainama, tukagongana vichwa kidogo. Kengele ikalia. Ukurasa ukashuka juu yetu polepole kama blanketi, na mimi nikaona wa mwisho kuingia ndani ni mvua, imevua viatu.

Nikaamka. Kumekucha, jua la mwezi wa saba, na vumbi la Mbeya linapita chini ya mlango. Mvua tuliiona mwezi wa tano.

"Hodi!"

Atupele. Nikafumbua mdomo nimwitikie. Hakuna kitu. Nikaufumba.

"Hodi, Sekela! Au umekufa?"

Napapasa kwa ulimi, juu, chini, kwenye jino lililotoboka. Pako wazi. Nikakaa kitandani. Nasikia anahamisha mkoba begani, kama mtu anayetaka kuondoka.

Nikatazama chini, penye kizingiti. Ndala zangu nikiingia huwa nazirusha zikilala zinavyotaka, mama kanisema mpaka kachoka. Sasa zilikuwa zimekaa sambamba, zimegeuzwa, vidole vikitazama mlango. Na soli za ndala zilikuwa mbichi. Tone moja lilikuwa linatembea kwenye saruji.

"Hodi! Ya tatu hiyo, na ya mwisho," akasema Atupele. "Naenda kusimama mbele ya watu, nilitaka nikuulize tu kuhusu ule mlango."

Kitu kikanitua ulimini, taratibu, kama kinachorudishwa na mtu mwenye adabu.

"Karibu," nikasema, na mdomo mzima ukaninukia mvua.